Khalati, Bahari na Milima ya Chai

Katika nyumba nyingi za Mwambao wetu, mtoto wa kike hufunzwa kuiogopa bahari kabla hajafunzwa jambo lolote jingine juu yake. Huambiwa asikaribie maji yanapojaa, asiteremke ngazi za gatini peke yake, asiwafuate nduguze wa kiume wanaojirusha kutoka ukutani. Nduguze hao hujifunza kuogelea wenyewe kwa wenyewe, kwa kusukumana na kumeza maji ya chumvi, na wakifika umri wa miaka kumi huwa samaki. Yeye hubaki ufukweni akiwashikia nguo. Akikua, akaolewa na kuzaa, huwaambia binti zake maneno yale yale aliyoambiwa.

Sisi wanawake wanne tunaoandika makala haya tulilelewa hivyo. Mkubwa wetu, ambaye sote twamwita Khalati ingawa ni khalati wa damu wa mmoja wetu tu, ana sababu kubwa zaidi ya kuiogopa bahari. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilipinduka hapa Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Miongoni mwao alikuwa jirani aliyelelewa pamoja naye, waliyesuka nywele pamoja na kuhitimu chuo pamoja. “Hakuwa mbali na ufukwe,” Khalati husema kila tunapoigusa habari hiyo. “Lau angejua kuelea tu.” Tangu siku ile hakutia mguu baharini, hata siku za Idi wajukuu wanapomvuta mkono.

Kwa hivyo msomaji asistaajabu tukisema kwamba Khalati alipotuambia anataka kuingia mashindano ya triathloni, tulidhani anatania.

Triathloni ni mchezo mmoja wenye michezo mitatu ndani yake, ifanywayo mfululizo bila ya kupumzika: kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio za miguu. Ulianza katika sura yake ya leo mwaka 1974 huko San Diego, Marekani, na ukaingia katika Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney. Umbali wa Olimpiki ni kuogelea mita 1,500, kuendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Uko umbali mrefu mno wa wale wanaoitwa watu wa chuma, ambao hukimbia marathoni nzima baada ya kuogelea karibu kilomita 4 na kuendesha baiskeli kilomita 180. Huo tuwaachie wenyewe. Na uko umbali mfupi wa waja wa kawaida: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Kadhalika yako mashindano ya kupokezana, ambapo mmoja huogelea, wa pili huendesha baiskeli na wa tatu hukimbia. Mmoja wetu, muuguzi, alikuwa amekwisha kujiandikisha katika mashindano ya umbali mfupi huku Pwani. Khalati aliposikia habari za kupokezana, aliuliza swali moja tu: “Huyo wa kuogelea, akimaliza anaruhusiwa kukaa chini?”

Kwa muda wa miezi mitatu alikwenda bwawani saa za wanawake. Alianza kwa kupuliza mapovu akiwa ameshika ukingo, kama watoto. Akajifunza kuelea chali, akajifunza kuteleza juu ya maji na kupumua ubavuni. Bwawani alikuwa anavuka. Baharini alikuwa hajaingia.

Safari ya milimani ilizaliwa na upungufu wetu wa upande wa pili. Mombasa ni tambarare na ni joto. Mwenye kutaka kilima cha kumtia nguvu za miguu hana budi kutoka hadi Mazeras, akisongwa na malori njia nzima. Isitoshe, mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli, katika mtaa anaojulikana tangu utotoni, hutazamwa na macho mengi kuliko awezavyo kuyabeba. Mwalimu mmoja, Mkipsigis aliyesomesha huku miaka mingi kabla ya kurudi kwao karibu na Litein, alitualika likizo ya Agosti tukakae kwake siku kumi. Tuliomba ruhusa majumbani mwetu. Kwa wawili ilipatikana siku hiyo hiyo, kwa mmoja ilichukua wiki mbili na mazungumzo ambayo si ya kuandikwa hapa. Kijana wa Khalati, wa miaka ishirini, alifuatana nasi akiwa mahramu wa mamake na fundi wa baiskeli wa sote. Ndiye pia aliyetuchinjia kuku huko tulikokwenda, na mwenyeji wetu, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyemkumbusha kabla sisi hatujasema neno.

Chai ya maziwa tunayoinywa kwa mahamri kila asubuhi hutoka katika milima ile, nasi tulikuwa hatujawahi kuiona ikiwa mbichi. Twaijua ikiwa ndani ya magunia ya karatasi, juu ya malori yanayoshuka Mombasa, kwa kuwa mnada wake umekuwa ukifanyika hapa kwetu tangu mwaka 1969. Huko kwao ni zulia la kijani lisilo na mshono, kutoka Kericho kupita Litein na Kapkatet hadi Sotik, na likaendelea upande wa Bomet kwenye vilima vya Silibwet. Alfajiri ukungu hulala juu yake. Wachumaji huingia shambani mapema, wengi wao wanawake, kikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na kichipukizi chake, siku kutwa, kwenye miteremko ambayo sisi tuliipanda tukishika kiuno. Walituona tukipita na mitandio yetu chini ya kofia ngumu za baiskeli, wakatupigia kelele: “Chamgei!” Nasi tukaitikia kwa tulichofunzwa, wakacheka mpaka vikapu vikatikisika.

Mwili wa mtu wa Pwani hauyakubali mahali pale upesi. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kila pumzi huwa na hewa safi pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko pumzi ya Mombasa. Siku ya kwanza tulikimbia dakika nane tukasimama, tukidhani tumepatwa na maradhi. Mwili ukikaa huko wiki kadhaa hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu ili kuukamata upungufu huo. Ndiyo moja ya sababu wakimbiaji wa dunia huzitafuta nyanda za juu za Kenya. Siku kumi hazitoshi kwa kazi hiyo. Tunasema hivi kwa sababu tulipojiandaa tuliambiwa na wengi kwamba tutarudi tukiwa na mapafu mapya. Tulirudi na mapafu yale yale. Kilichobadilika ni mapaja, kwa sababu ya vilima, na adabu ya kwenda polepole.

Khalati alikuwa amepimwa moyo na shinikizo la damu kabla ya kusafiri, na twamsihi kila mwenye umri wake asianze bila ya kufanya hivyo.

Ratiba yetu iliongozwa na sala na mvua. Baada ya sala ya Alfajiri tulitoka na baiskeli, tukarudi jua likiwa bado dogo. Alasiri hakuna afanyaye kitu nje. Kericho ni katika sehemu za dunia zinazopigwa mno na mvua ya mawe, na siku ya tatu tuliipata katikati ya barabara. Tulijificha chini ya paa la kituo cha kupokelea majani ya chai, pamoja na akina mama waliokuwa wakisubiri mizani, tukitazama mawe meupe yakiruka juu ya lami kama bisi sufuriani. Mama mmoja aliyaokota majani yake yaliyochanika akayaweka kando bila kusema neno. Sisi tulikuwa tukilalamika kwamba mazoezi yameharibika.

Mavazi yametufunza mengi. Mmoja wetu aliteremka kilima cha Kapkatet akiwa amevaa buibui juu ya suruali, kwa kuona haya ya siku ya kwanza, na pindo likanaswa na mnyororo. Alhamdulillah, hakuumia zaidi ya goti na kiganja, lakini ilitubidi tulikate buibui kwa kisu cha mboga ili kumtoa. Tangu hapo tulivaa kanzu fupi pana hadi magotini, suruali isiyobana na iliyofungwa kifundoni, na mtandio uliopachikwa vizuri shingoni. Nguo za majini tulishonewa na fundi wa Mji wa Kale kwa kitambaa cha nailoni kinachonyumbuka. Pamba hunywa maji na humvuta mtu chini, na mwenye kuogelea na dera anajitia hatarini. Vazi la namna hii lilianza kujulikana duniani kwa jina la burkini baada ya Aheda Zanetti wa Australia kulibuni mwaka 2004. Na asidhani mtu kwamba mwanamke aliyejistiri hana nafasi katika mchezo huu. Mwaka 2013, mjini London, Shirin Gerami alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Iran katika mashindano ya dunia ya triathloni, akiwa amefunika nywele na mwili wake, na mwaka 2016 alikwenda kushindana Hawaii kwenye ule umbali wa watu wa chuma.

Hata hivyo mlango haukufunguka kwa urahisi. Hoteli ya kwanza tuliyoiendea mjini Kericho kuomba kutumia bwawa ilitukataa kwa sababu ya nguo zetu, ikidai zitachafua maji. Tulieleza kwamba ni kitambaa kile kile cha nguo ndogo za kuogelea, isipokuwa ni kingi zaidi. Haikusaidia. Ya pili ilitukubali, ikatupa saa moja ya asubuhi kabla ya wageni kuamka, na mlinzi wao akageuza kiti chake kuelekea langoni bila kuambiwa. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kukata maneno. Khalati alitia kidole, akakitazama, akasema, “Hii ni adhabu ya kaburi,” kisha akaingia.

Huko bwawani ndiko lilikotokea jambo ambalo hatukulitarajia. Mwenyeji wetu ana binti wa nduguye, msichana wa kidato cha tatu, anayekimbia. Nchi ile ni ya wakimbiaji. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, ndiye aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, akaongeza fedha mjini Mexico mwaka 1968. Na katika Olimpiki ile ile ya Sydney ambamo triathloni iliingia kwa mara ya kwanza, Joyce Chepchumba, naye wa Kericho, alipata shaba ya marathoni. Binti huyu wetu hukimbia kwenda shule na kurudi, na alipotuongoza kwenye vilima aligeuka nyuma mara kwa mara akitusubiri kwa heshima, akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuja nasi bwawani kutushikia mifuko. Tulimwambia aingie. Akatikisa kichwa. Mito ya huko hujaa ghafla mvua inaponyesha, ikawa myekundu na ya kasi, na bibi yake alimkanya tangu utotoni asiukaribie mto. Msichana anayepanda mlima kama paa alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa la futi nne, magoti yakitetemeka.

Tulimtazama, kisha tukamtazama Khalati. Maneno ya yule bibi wa Litein na maneno ya mama zetu wa Mombasa yalikuwa mamoja.

Khalati alimwendea. “Njoo, mwanangu,” akamwambia. “Mimi ni mzee kuliko mamako, na mwaka jana nilikuwa hapo hapo uliposimama.” Alimshika mikono yote miwili akamteremsha ngazini. Siku ile hawakufanya lolote ila kupuliza mapovu. Siku ya pili akamlaza chali, kiganja chake chini ya kisogo cha binti, akimsomea taratibu namna ya kulegeza shingo, kujaza kifua, kutazama juu. Kisha akauondoa mkono bila kumwambia. Yule mtoto alielea akaendelea kuongea, asijue kwamba anaongea peke yake. Alipogundua alizama kwa furaha, tukamwinua akikohoa na kucheka. Sisi tuliokuwa tukimfunza Khalati kwa miezi mitatu hatukumwona hata siku moja akiwa na utulivu kama aliokuwa nao alipokuwa akimtuliza mwenzake.

Malipo yalikuwa ya haki. Jioni binti alitufunza kukimbia mlimani: hatua fupi, kifua mbele kidogo, macho hatua kumi mbele na si kileleni, mikono ilegee. Alitufunza pia zoezi tuliloliogopa kuliko yote, la kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo. Dakika tano za mwanzo miguu huwa si yako. Huwa kama ya mbao, inayokwenda kwa amri ya mtu mwingine. Dawa yake ni kuizoeza mara nyingi, na kukanyaga kwa wepesi mwishoni mwa safari ya baiskeli. Usiku tulikaa jikoni kwa bibi yake, tukaletewa mursik katika kibuyu. Wawili wetu walimaliza vikombe vyao. Wawili waliobaki tunawahifadhia siri.

Wako watakaouliza iwapo haya yanamfaa mwanamke wa Kiislamu, tena mwenye wajukuu. Twawakumbusha tu hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud, ya Bibi Aisha (R.A.) kushindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini akamshinda, na ya mara ya pili, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamshinda yeye na kumwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Kuhusu kuogelea, ndugu zetu wa Unguja wametutangulia. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafunza wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika mwili mzima, na picha za masomo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Twajiuliza kwa nini Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, penye madrasa kila mtaa na bahari mwisho wa kila njia, mafunzo kama hayo kwa wasichana wetu bado ni ya kutafutwa kwa tochi.

Asubuhi ya mashindano tulikuwa na timu moja ya kupokezana, na muuguzi wetu akishindana peke yake. Ilikuwa siku ya maji mafu, upepo mchache. Binti wa Litein alikuwa ameletwa na shangazi yake. Ndiyo kwanza aione bahari, na alikuwa ameionja kwa kidole ili kuhakikisha habari za chumvi. Yeye alikuwa wa kukimbia, mmoja wetu wa baiskeli, na Khalati wa maji.

Mbiu ilipolia wenzake walijitosa kwa vishindo. Khalati alisubiri wapite wote, akasoma alichosoma, akaingia akitembea mpaka maji yalipomfika kifuani, kisha akajilaza juu yake. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akichoka atageuka chali na kuinua mkono, na mlinzi wa majini atamfuata na boya. Alipofika alama ya kwanza aligeuka chali. Kijana wake, aliyesimama nasi, alivua viatu. Tulihesabu. Mkono haukuinuka. Alikaa hivyo, uso mbinguni, kwa muda ambao hatukuupima lakini tulioumia nao, mawimbi yakimpandisha na kumshusha. Kisha akajipindua akaendelea, polepole, mkono huu na mkono huu, akaizunguka alama ya pili na ya tatu.

Alitoka wa mwisho majini, baada ya kila mtu kukwisha kuondoka na baiskeli yake. Alimvalisha mwenzetu ule ukanda wa mguuni wa kupimia muda kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Mwenzetu alijitahidi awezavyo. Binti wa Litein akawapita watu kumi na mmoja katika kilomita 5, wengine wakiwa wanaume, na timu ikamaliza ya tatu kutoka mwisho.

Khalati hakuyaona hayo. Alikuwa amekaa mchangani pale pale alipotokea, nguo zikimtiririka maji, akitazama upande wa bahari. Tulimpelekea chai ya moto katika kikombe cha bati. Alikunywa nusu, akamwita kijana wake.

“Jumamosi,” alimwambia, “niletee wajukuu zangu hapa. Wale wa kike.”